Simu ya Mbuba na Simu ya Nyamigogo

Usinicheke, rafiki yangu. Mwezi uliopita, Ijumaa jioni, nilimpigia mama yangu nikiwa Mwanza, nikaambiwa namba inatumika. Nikabandika ugali, nikasonga, nikala na wanangu, nikapiga tena: inatumika. Nikaosha vyombo, inatumika. Asubuhi ya Jumamosi nikapiga, simu ikawa imezimwa kabisa. Mtu mzima mimi, mwenye akili zangu timamu na watoto wawili, nikatupia kanga kwenye mkoba, nikawaacha watoto kwa jirani, nikapanda basi la Ngara bila hata kunywa chai.

Alasiri nikashuka njia panda, nikachukua pikipiki hadi nyumbani Mbuba. Mama alikuwa uani juu ya mkeka, anapukuchua maharage, mzima kabisa, mashavu yanang'aa. Nikasema shikamoo kwa hasira. Akasema marahaba, mbona umekuja bila taarifa? Nikamuuliza simu imepatwa na nini. "Imeisha chaji," akasema. "Jana jioni nilikuwa naongea na Nyamigogo." Alisema hivyo hivyo, naongea na Nyamigogo, kama vile kata nzima ya wilaya ya Biharamulo ni shoga yake mmoja. Nikakaa chini kwenye mkeka, nikacheka mpaka nikashika mbavu, kwa sababu nilikuwa nimesahau, na ghafla nikakumbuka kila kitu.

Jioni hiyo alinituma dukani kununua chumvi. Mbele ya duka bado lipo lile jukwaa la saruji, pana kama mlango uliolazwa chini, lenye misumari minne mikubwa iliyokatwa na kuota kutu. Siku hizi binti mmoja ameweka juu yake meza na mwavuli, anatuma na kutoa pesa kwa simu. Nikamuuliza kama anajua hapo palikuwa na nini. Akasema labda palikuwa na kaburi. Kaburi! Nilitamani bibi yangu afufuke amsikie.

Hapo, rafiki yangu, palikuwa na kibanda cha simu. Cha bati na vioo, juu kina bamba la kuvuta umeme wa jua, ndani simu moja nyeusi nzito ya kutumia kadi. Kilikuja nikiwa darasa la kwanza, na kwa kijiji chetu kilikuwa jambo kubwa kama parokia. Mimi nilikuwa naishi na bibi. Baba alishafariki, na wakati huo mama ndiye aliyekuwa Mwanza, mpishi kwenye hosteli, akihama chumba hiki kwenda kile, kiasi kwamba barua zetu nyingi hazikumkuta. Namba ya kibanda ndiyo pekee aliyokuwa nayo ya kutufikia, na alikuwa nayo kichwani. Kila Jumapili saa sita mchana, baada ya misa, simu ile ililia, na ilikuwa yangu. Nilivaa gauni la kanisani, nikashika mkonga wa simu kwa mikono miwili. Mama aliuliza nimekula nini, nimeshika nafasi ya ngapi darasani, nimemsumbua bibi au sikumsumbua. Nilikuwa nadanganya kidogo hapo kwenye bibi. Wiki nzima niliishi kwa dakika zile chache, sikufichi.

Bibi alijipa cheo cha kukilea kile kibanda, na hakuna aliyethubutu kumpinga. Bibi alikuwa mfupi, mweusi tii, mwenye sauti ya kuita mbuzi kutoka mlima wa pili. Kila Jumamosi aliwakusanya wanawake wa kikundi chake cha maharage wakasugua vioo kwa majivu laini, yale yale tuliyosugulia masufuria. Sakafuni walitandika nyasi mbichi, kama tunavyotandika nyumbani siku ya sikukuu mgeni akitarajiwa. Simu yenyewe aliifunika kitambaa cha kufuma chenye maua mekundu. Ulikuwa huingii na viatu. Niliwahi kumwona diwani mzima amesimama mle na soksi zilizotoboka, anaongea mambo ya serikali, na harufu ya nyasi imejaa kibandani.

Na sheria kubwa ya bibi ilikuwa hii: simu ni ya kupokea, si ya kupiga. Vikombe vyetu vya udongo vyenye maua vilikaa kabatini miaka yote vikisubiri wageni, na simu aliiweka katika hesabu hiyo hiyo. Kitu kizuri ukikitumia ovyo kinachakaa. Mwenye duka alikuwa na kadi za simu zilizofifia rangi, maana aliyekuja kununua alikutana na jicho la bibi, akaishia kununua kiberiti. Sote tuliona ni utaratibu mzuri. Kibanda kiling'aa, na hakuna kibanda kingine njia nzima ya kwenda Kabanga kilichong'aa hivyo.

Basi siku moja ya msimu wa kupalilia maharage akaja fundi wa simu kwa pikipiki, kijana mwekundu kwa vumbi kuanzia kofia hadi viatu. Alimwamkia bibi vizuri, akavua viatu, akaingia, akatoa bisibisi na kuanza kufungua skrubu. Bibi akamuuliza anafanya nini.

"Bibi, simu hii imekufa. Nimetumwa kuing'oa."

"Imekufa? Jumapili imelia. Mjukuu wangu huyu hapa ameongea na mama yake."

Fundi akaeleza kwa upole. Mashine ya ofisini kwao inahesabu simu zinazotoka, basi. Kutoka Mbuba haijatoka hata moja tangu mwaka uanze, na kibanda kisichopiga kinahesabiwa kimekufa. Kinang'olewa.

"Simu yetu ina adabu," bibi akasema. "Haipigipigi watu ovyo."

"Ndiyo hiyo adabu imeiua, bibi."

Niliona uso wa bibi ukibadilika, na tangu hapo sijawahi kuusahau. Ni yeye aliyewazuia watu. Ile simu tuliitunza mpaka tukaizika. Mimi sikuelewa habari za mashine, nilielewa skrubu tu. Skrubu ya kwanza ilipotoka nikahesabu siku zilizobaki mpaka Jumapili, nikaanza kulia kwa sauti. Mama atapiga wapi? Nani atamwambia?

Bibi hakulia. Aliingia mle ndani, akaketi juu ya nyasi, miguu ameinyoosha, mgongo kwenye ukuta wa bati. "Haya, baba," akamwambia fundi, "endelea. Ukifika kwangu, ning'oe na mimi unifunge kwenye pikipiki."

Fundi alisimama na bisibisi yake, akamtazama bibi, akanitazama mimi na kamasi zangu. Mwisho akasema atarudi baada ya mavuno ya maharage. Kama mashine itaonyesha Mbuba inapiga, kibanda kitabaki. Bibi akauliza tumpigie nani, maana mwenye simu tunayemjua ni mmoja tu, naye anatupigia yeye kutoka kibanda cha Mwanza. Kijana akakuna kichwa. Akasema hata Nyamigogo kule Biharamulo kuna kibanda kama hiki, ugonjwa ni huo huo, na kesho yake anakwenda kukitazama. Bibi akadaka hapo hapo.

"Wana namba?"

"Wanayo."

"Niandikie. Na ukifika uwaambie wakae karibu na simu. Mbuba inapiga."

Jumamosi ile kijiji kizima kilikuwa mbele ya duka. Bibi alitangaza, bila kuzungusha, kwamba yeye ndiye aliyekosea na sasa simu itapigwa mpaka ichoke. Kikundi cha akina mama kikatoa debe moja la maharage, mwenye duka akatoa kadi zake zote zilizofifia. Mwalimu wetu wa darasa la tatu akamwonyesha bibi kadi inaingia upande gani. Bibi akabonyeza namba kwa kidole gumba, akashika mkonga mbali na sikio, nasi tukanyamaza mpaka kuku wakasikika.

"Haloo, Nyamigogo hapa," ikasema sauti ya mwanamke, na nyuma yake cherehani inakwenda tka-tka-tka. "Fundi cherehani naongea. Nani mwenzangu?"

"Haro! Ni sisi!" bibi akapiga kelele.

"Nyinyi akina nani?"

"Sisi wa Mbuba! Mmeamkaje huko? Watoto wameamkaje? Na wazee? Mvua je? Na ng'ombe, kama mnao?"

Sisi watu wa Ngara, wewe mwenyewe unajua, salamu hatuzikati katikati. Yule fundi cherehani naye hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi, akajibu moja moja, akaanza kutuulizia wa kwetu. Walipofika kwenye ng'ombe kadi ikaisha. Hakuna lililosemwa, na watu wakashangilia kama tumeshinda mpira.

Ndivyo ilivyoanza. Mwalimu aliandika zamu kwa chaki kwenye ukuta wa duka, kila nyumba na siku yake, na sheria mpya: salamu moja kwa niaba ya wote, kisha maneno. Watu ambao hawajawahi kufika Biharamulo walivua viatu, wakaingia, wakaongea na watu wasiowajua sura. Mwanzoni hawakuwa na la kusema. Jirani yetu mmoja alieleza habari ya jino lake tangu lilipoanza kuuma mpaka lilipong'olewa. Katekista, siku ya zamu yake, hakuona jambo la maana zaidi ya kusali, akasali fungu zima la rozari. Fundi cherehani, ambaye ni Mwislamu, alinyamazisha cherehani yake, akasubiri mpaka mwisho, akaitikia Amina, kisha akauliza kama mvua imefika. Wiki hazikupita nyingi mbegu ya maharage yao ya manjano ikaja kwetu kwa basi, kwenye kifuko cha kitambaa kilichoshonwa vizuri sana.

Na wao, kwa kuwa simu yao nayo ilikuwa katika hatari, wakaanza kutupigia sisi. Hapo ndipo mambo yalipogeuka kwangu.

Jumapili ya kwanza saa sita, nimevaa gauni langu, simu ikalia. Nikaruka. "Mama!"

"Hapana, mwanangu, ni Nyamigogo. Shikamoo zetu kwa bibi. Yupo?"

Bibi alikuwepo. Mzee wa Nyamigogo alikuwa na habari ndefu ya kisima kilichochimbwa upya, nayo ikapokelewa kwa heshima. Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Jumapili ya pili vivyo hivyo, na safari hii ni fundi cherehani mwenyewe, mchangamfu, anacheka. Nilimsikia akicheka kwenye simu ya mama yangu, nikashindwa kuvumilia. "Ondokeni!" nikamwambia. "Hii ni saa yangu. Mnaizuia simu ya mama!" Bibi akanifinya sikio mpaka nikaona nyota, akaomba radhi kwa niaba yangu. Lakini nyumbani tulikula ndizi na maharage, na nilipomaliza akaniongezea sehemu yake.

Kesho yake asubuhi hakuangalia zamu ya nani. Aliingia kibandani akapiga Nyamigogo. Nilikuwa nje na ndoo yangu ya maji, nilisikia kila neno lake. "Fundi," alisema, "mtoto alikosa adabu, lakini hakusema uongo. Sisi tunaipigania simu hii kwa sababu yake, na sisi hao hao tunamnyang'anya." Cherehani ikanyamaza kule. Sikusikia alijibiwa nini. Bibi alitoka, akachukua chaki ya mwalimu, na kwa kuwa hakujua kuandika akanipa mimi niandike ukutani kwa herufi kubwa: JUMAPILI SAA SITA NI YA MTOTO. Nyamigogo nao, tuliambiwa baadaye, waliandika hivyo hivyo kwenye ukuta wao.

Jumapili ya tatu simu ilikaa kimya. Hakuna aliyeigusa, wala Nyamigogo hawakupiga. Nilisimama juu ya nyasi mbichi mpaka miguu ikaingia baridi. Haikulia. Saa tisa bibi alikuja kunichukua, akanishika mkono. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Jumanne yake, mchana, tulikuwa shambani tuking'oa maharage tuliposikia kilio kutoka upande wa barabara. Kwetu anayekuja msibani haanzii kulia mlangoni. Anaanza mbali, ili kijiji kijue amefika. Kilikuwa kilio cha mwanamke, kikubwa, kinapanda na kushuka. Wanawake wakatupa maharage, wakajifunga kanga viunoni, wakakimbia huku wanalia na kuulizana: nani? Amekufa nani? Hakuna aliyejua, lakini huwezi kumwacha mwenzako alie peke yake. Bibi yangu alikuwa wa mbele. Alilia vizuri kuliko wote, mikono kichwani, "Yuu, jamani, ametuacha!", na bado hajui ni nani aliyetuacha.

Kwenye kona ya migomba tukakutana na mwenye kilio. Alikuwa mama. Kanga nyeusi kichwani, begi mgongoni, macho yamevimba. Alimwona bibi anakuja mbio analia, akakauka pale pale.

"Mama! Hujafa?"

Bibi akafunga mdomo. Akajitazama, mikono bado iko kichwani. "Nife? Nani amekwambia?"

"Simu!" mama akasema, akakaa kwenye vumbi. "Jumapili napiga, inatumika. Saa nzima inatumika. Jumapili nyingine inatumika. Simu ya Mbuba inatumika saa nzima kwa kitu gani kama si msiba? Nikaomba ruhusa hosteli, wakaninyima mpaka Jumapili, na saa sita nilikuwa tayari kwenye basi, likatuharibikia njiani. Nikaja. Njia nzima sikujua nimlilie nani, wewe au mtoto. Nikawalilia wote wawili."

Nilikuwa nimeshamrukia. Nilimshika shingo, nikamnusa, alikuwa ananuka basi na sabuni ya Mwanza. Alinipapasa kichwa, mabega, mikono, kama mtu anayehesabu kuku wake jioni. Kisha katekista, aliyekuja na rozari mkononi tayari, akauliza kwa adabu: sasa tumelia nini? Ndipo bibi alipocheka. Alicheka akapiga magoti, na wanawake wote wakaanguka juu ya wenzao, na machozi yale yale ya msiba yakatumika kucheka. Bibi alisema mpaka siku yake ya mwisho kwamba yeye ndiye mtu pekee wilayani Ngara aliyehudhuria kilio chake mwenyewe na akaridhika nacho.

Mama alikaa nasi mpaka maharage yalipokauka. Fundi alirudi na vumbi lake, akatoa karatasi, akaisoma mara mbili. "Bibi, mnaongea kuliko ofisi yetu," akasema. Akairudisha skrubu ile moja, akakaza zote nne, akapewa jogoo. Nyamigogo nako alikaza. Mama akarudi kazini Mwanza, na safari hii sikulia alipopanda basi. Jumapili saa sita simu ililia, nami nilijua kwamba saa hiyo kuna watu wa vijiji viwili wamekaa mbali na simu zao kwa ajili yangu. Mtoto aliyewahi kupewa kitu kama hicho anatembea kifua mbele maisha yake yote, na mimi natembea hivyo.

Kibanda kilidumu miaka. Kisha zikaja simu za mkononi, mnara ukasimama mlimani, na walipokuja kukata ile misumari minne hakuna aliyeketi kwenye nyasi. Bibi alikuwa ameshatutangulia, na kila mtu alikuwa na simu yake mfukoni. Siwalaumu, hata mimi nilikuwa nayo. Lakini nyasi mbichi chini ya miguu, zamu za chaki ukutani, kijiji kizima kunyamaza ili mtu mmoja asikie vizuri, vile vyote vilikwenda na lile bati, na hakuna duka ninapoweza kuvinunua. Watoto wangu wananipigia muda wowote wanaotaka. Mara nyingi ni kuuliza neno la siri la intaneti.

Jumapili baada ya misa binti wa mwavuli hafanyi kazi. Mimi na mama tulikwenda kukaa kwenye lile jukwaa la saruji, maana hapo mtandao unashika vizuri. Simu ya mama, iliyojaa chaji sasa, ikalia. Akaongea kidogo, akacheka, akanipa. "Msalimie."

Nikasema shikamoo. Sauti ilikuwa imezeeka, ina mikwaruzo, lakini niliijua kabla haijamaliza neno. Cherehani haikusikika nyuma yake. Akaniitikia marahaba, akauliza watoto, akauliza mvua. Nilianza kumwomba radhi kwa yale maneno ya utotoni, akanikatiza.

"Leo siku gani, mwanangu?"

"Jumapili."

"Saa ngapi huko kwenu?"

Nikaangalia. "Saa sita."

"Basi mimi naondoka," akasema fundi cherehani wa Nyamigogo. "Saa hii si yangu."

Akakata. Mama akaniuliza amesema nini. Nikamwegemea begani, naye akaanza kuniuliza nimekula nini.